Tarehe ya Kalamu Isiyo na Wino

Mwandishi wa misahafu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, zama za karne ya 18 na ya 19, alipoichovya kalamu yake katika wino mweusi, kisha akaipamba sahifa kwa rangi nyekundu na ya manjano kandokando ya aya tukufu, alikuwa katika kazi isiyompa nafasi ya pili; na jirani yake katika ufundi, mchonga nakshi za milango ya nyumba za mawe, alikuwa katika hali ile ile, kwa kuwa ubao uliokwisha kuingia patasi haurudi kuwa mzima hata fundi akijuta namna gani. Leo kijana aliyepakata kibao cha kioo huchora kwa kalamu isiyo na wino, na akikosea hugusa mahali pamoja tu, ghalati ikatoweka kana kwamba haikuwahi kuwako. Kati ya hao wa kale na huyu wa leo pana safari ndefu, na aghalabu wanaoisimulia huianza pale kompyuta ilipoanza. Mimi huianza Geneva, mji wa Uswisi, kwa mwalimu wa shule aliyekuwa na macho mabovu.

Rodolphe Töpffer alizaliwa mwaka 1799, mwana wa mchoraji Wolfgang-Adam Töpffer, na matumaini yake ya ujana yalikuwa kuirithi kazi ya baba yake. Walakini maradhi ya macho yalimfungia njia hiyo, akawa mwalimu, akaanzisha shule ya bweni, na saa za mapumziko akawa akiwachekesha wanafunzi wake kwa visa alivyovichora kwa kalamu: safu za visanduku, kila kisanduku na picha yake, na chini ya kila picha maneno machache ya mwandiko wake mwenyewe. Maneno bila picha yasingeeleweka sawasawa, wala picha bila maneno, na kitu kile cha tatu kilichozaliwa na viwili hivyo hakikuwa na jina wakati ule. Daftari zake zilimfikia mshairi Goethe huko Weimar, mzee aliyekuwa ukingoni mwa umri wake, naye akazisifu. Sifa ya mtu kama huyo ikampa mwalimu ujasiri, na mwaka 1833 kisa chake cha Bwana Jabot kikapigwa chapa.

Hapa ndipo chombo kinapoingia katika habari yetu. Picha za vitabu vya zama zile zilichongwa juu ya ubao au shaba, mara nyingi na mikono ya watu wengine wasiokuwa mchoraji, au zilichorwa juu ya jiwe kinyumenyume, kulia kuwa kushoto, ili zikipigwa chapa zisomeke sawasawa. Töpffer alishika njia tofauti: alichora kwa wino wa mafuta juu ya karatasi iliyotiwa dawa, karatasi ikabandikwa juu ya jiwe na mchoro ukahamia humo umegeuka wenyewe, na jiwe lilipopigwa chapa mchoro ukageuka tena ukawa kama ulivyotoka mkononi mwake. Kwa hila hiyo mstari wake, pamoja na kutetemeka kwake kote, ulimfikia msomaji bila mkalimani. Mtu anayeuliza kwa nini michoro yake yaonekana kama imechorwa sasa hivi, mbele ya macho yetu, ajue kwamba sehemu ya jibu imo katika karatasi ile.

Mwaka 1845, akiwa na mwaka mmoja tu wa kuishi, alitoa insha juu ya nyuso, na katika insha hiyo akaweka jambo ambalo kwangu mimi ndilo alifu ya elimu yote ya kusimulia kwa picha. Alishikilia kwamba uso wowote uliochorwa, hata na mtu asiyejua kuchora, hauna budi kuwa na tabia fulani: utakuwa mpole au mkali, mjinga au mjanja, hata kama mchoraji hakukusudia lolote kati ya hayo. Kwa hiyo anayetaka kusimulia kwa picha hana haja ya kungoja mpaka aijue mifupa na misuli yote ya mwanadamu. Na achore uso, kisha abadili kitu kimoja, nyusi, pua au mdomo, ayaache mengine kama yalivyo, na atazame ni nani aliyekuja. Mwanachuoni wa tarehe ya sanaa, E. H. Gombrich, alipoandika juu ya kanuni hii zaidi ya miaka mia baadaye, aliiita kwa jina la Töpffer mwenyewe.

Nimeijaribu juu ya mgongo wa bahasha kwa kalamu ya risasi, mimi ambaye sikupata kuwa mchoraji. Nilipiga duara, nikatia nukta mbili na mstari mmoja. Mstari ulipokuwa mnyoofu nilimpata karani anayengoja saa ya kufunga ofisi; nilipoupinda upande mmoja tu, kiasi cha unene wa ukucha, karani yule yule akawa amekwisha kuambiwa kwamba faili limepotea. Sikuwa na nia ya kumchora karani. Alikuja mwenyewe, na baada ya kuja alitaka kisanduku cha pili, kwa sababu mtu aliyepotelewa na faili hawezi kukaa kimya.

Shida ya Töpffer ilikuwa kwamba kila jaribio lilimgharimu uso mzima. Kubadili nyusi moja kulimlazimu kuchora upya kichwa, pua, shavu na kola ya shati, na wakati anavichora hivyo vyote mkono ulikuwa umekwisha kubadili mambo mengine matatu ambayo hakuyataka. Kanuni yake ilidai kitu kimoja kibadilike na vingine vitulie. Wino haukuwa na uwezo huo.

Uwezo ulikuja miaka 117 baada ya kifo chake. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT, Marekani, mwanafunzi aitwaye Ivan Sutherland alitoa tasnifu juu ya programu aliyoiita Sketchpad, aliyoiandika kwa kompyuta ya TX-2 ya Lincoln Laboratory, mashine iliyohitaji chumba chake peke yake. Alichora juu ya kioo kwa chombo kilichoitwa kalamu ya nuru, jina lenye kupotosha kidogo, kwa maana kalamu ile haikutoa nuru yoyote. Ilikuwa na jicho la kuiona nuru ya kioo, na kwa kuona kwake mashine ikatambua kalamu imesimama wapi. Wahandisi waliisifu Sketchpad kwa sababu mistari iliyokwenda mrama iliinyosha, pembe legevu ikazifanya mraba, na mchoro mmoja ukiisha kuhifadhiwa uliweza kutolewa nakala nyingi, ambazo zote zilibadilika pindi asili yake ilipobadilishwa. Ni sifa za haki. Lakini ndani ya tasnifu ile, pamoja na madaraja na nyaya za umeme, mna uso wa msichana aliyepewa jina la Nefertite, na viungo vya uso wake vimechorwa mbalimbali kando yake. Ukiondoa jicho lililo wazi na kuweka lililofumba, msichana anakukonyeza. Ni jaribio la mwalimu wa Geneva lile lile, ila safari hii pua, nywele na shingo vilikaa pale pale bila kuguswa. Nionavyo mimi, uchoraji wa hadithi kwa kompyuta ulizaliwa katika konyezo lile, wala si katika daraja lolote.

Na niruhusiwe kukengeuka kidogo, kwa kuwa jambo la kulirudisha nyuma lililokwisha kutendwa, lugha yetu ililijua kabla ya mashine. Kilichofungwa hufunguliwa, kilichokunjwa hukunjuliwa, kilichotegwa huteguliwa, kilichopangwa hupanguliwa. Mswahili hutia irabu moja tu mwishoni mwa kitenzi na tendo likarudi nyuma hatua moja. Waliofasiri programu za kompyuta kwa Kiswahili, walipotafuta neno la amri ya kulirudisha tendo la mwisho, hawakuwa na haja ya kukopa kwa mtu: walilichukua tenda wakalifanya tendua. Wapo wanaolicheka neno hilo. Mimi naliona ni johari, na wenye lugha zinazohitaji maneno mawili au matatu kwa jambo hilo wana haki ya kutuonea wivu.

Vyombo vingine vilifuata kwa mwendo wa kinyonga, kwa sababu ya bei. Kibao cha kuchorea cha shirika la RAND, kilichotoka mwaka 1964, kilipata dola 18,000, fedha iliyotosha wakati ule kununua nyumba Marekani. Mwaka 1973 Richard Shoup, katika maabara ya Xerox huko California, alikamilisha mashine ya kupaka rangi iliyoitwa SuperPaint, yenye uwezo wa kuonyesha rangi 256 kwa mara moja. Wakubwa wa kampuni, ambao fikira zao zote zilikuwa juu ya ofisi na karatasi, hawakuona faida ya rangi, na Alvy Ray Smith, aliyekuwa akichora kwa mashine hiyo usiku na mchana, akaachwa aende zake. Baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya filamu za katuni ya Pixar.

Chombo kilichofika mikononi mwa watu wa kawaida kilikuwa hafifu kuliko hivyo. Kompyuta ya Macintosh, iliyotolewa tarehe 24 Januari 1984, ilikuwa na kioo chenye nukta 512 kwa 342, na kila nukta ama nyeusi ama nyeupe, hakuna baina. Pamoja nayo ilikuja programu ya MacPaint, kazi ya Bill Atkinson, iliyokuwa na kalamu, brashi, kifutio na ndoo ya kumwaga rangi, vyote vikiwa picha ndogondogo pembeni mwa kioo, hata mchoraji aliyetoka katika karakana ya karatasi akaona vyombo vyake vimemtangulia. Msanii Susan Kare ndiye aliyechora alama za mashine ile, naye aliianza kazi yake si kwa kompyuta bali kwa daftari la miraba, mraba mmoja nukta moja. Na katika miraba 32 kwa 32 aliweka kompyuta ndogo yenye uso unaotabasamu, iliyomlaki kila mtu alipoiwasha mashine. Macho mawili, pua, na mdomo uliopindwa juu: Töpffer angaliufahamu uso ule bila kuelezwa. Picha nyingine ya Kare, mwanamke wa Kijapani anayechana nywele, ilinakiliwa kutoka chapa ya ubao ya Hashiguchi Goyō ya mwaka 1920, na kwa namna hiyo ubao usiosamehe ukaingia ndani ya mashine isameheyo.

Msamaha wenyewe ulikuwa na mpaka. Akili ya Macintosh ilikuwa kilobaiti 128 tu, nafasi ambayo leo haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu. Ndani ya ufinyu huo Atkinson alitenga sehemu mbili, moja ya mchoro ulivyo sasa na nyingine ya mchoro ulivyokuwa kabla mkono haujagusa, na kwa kubadilisha hizo mbili mchoraji aliweza kutendua. Mara moja. Aliyepiga mstari mbaya, kisha akapiga mwingine juu yake kabla ya kutia akili, alikuwa ameikosa toba yake. Nasadiki kwamba msamaha huo mmoja ulikuwa mwalimu mwema, maana ulimlazimisha mtu kutazama baada ya kila mstari, na kutazama ndiyo nusu ya kuchora.

Mwaka uliofuata, 1985, kampuni ya First Comics ya Chicago ilitoa hadithi iitwayo Shatter, iliyoandikwa na Peter Gillis na kuchorwa na Mike Saenz juu ya Macintosh, nayo huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha picha mfululizo kilichochorwa kwa kompyuta na kuuzwa madukani. Saenz alitumia kipanya, mkono ukienda mbele na nyuma kama wa mtu apigaye pasi. Sahifa zikatolewa kwa mashine ya chapa ya nukta, na baada ya hapo zikatiwa rangi kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi. Mistari yake ina meno kama msumeno, na sioni haja ya kuificha aibu hiyo. Lakini visanduku vyake vinafuatana vizuri, kwa sababu elimu ya kufuatanisha visanduku haikutoka katika mashine: kisanduku chembamba huharakisha mwendo na kipana huupunguza, uso ukikaribishwa humfanya msomaji asikie, ukitengwa mbali humfanya aone, na tendo kubwa, kofi au kifo au busu, mara nyingi hutokea katika ufa mweupe ulio kati ya kisanduku na kisanduku, mahali ambapo mchoraji hakuchora chochote na msomaji amejaza mwenyewe. Mwanagenzi anayenunua kibao cha thamani kabla ya kulijua hilo amenunua jahazi kabla ya kuzijua pepo.

Juu ya mistari ya mkunjo, iliyokuja kuyaondoa meno hayo ya msumeno, nitasema machache. Ilitoka katika viwanda vya magari vya Ufaransa, ambako Paul de Casteljau wa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault muda mfupi baada yake, walitafuta hesabu za kuieleza mikunjo ya bodi kwa mashine; mwaka 1987 hesabu hizo ziliwafikia wachoraji katika programu ya Adobe Illustrator, ikawa mstari mmoja waweza kukuzwa kutoka ukubwa wa stempu hadi ukubwa wa ukuta bila kuota meno. Tabaka, yaani sehemu za mchoro zilizopangwa moja juu ya nyingine, zina nasaba ya kale zaidi. Wachoraji wa filamu za katuni walikuwa wakichora watu juu ya karatasi angavu zilizowekwa juu ya mandhari isiyobadilika, njia ambayo Earl Hurd wa Marekani aliiombea hataza mwaka 1914. Miaka 80 baadaye, mwaka 1994, karatasi hizo zisizoshikika zikaingia katika Photoshop, programu ya ndugu wawili Thomas na John Knoll iliyokuwa sokoni tangu 1990. Sasa nyusi zikakaa tabaka yake, mdomo tabaka yake, na kichwa chini yao kikatulia. Na mwaka 1998, katika toleo la tano, programu hiyo hiyo ilianza kuorodhesha matendo ya mchoraji moja baada ya moja, hata akaweza kurudi nyuma hatua nyingi na kuchagua pa kuanzia upya. Kutoka toba moja ya Atkinson hadi orodha hiyo ilipita miaka 14.

Huku kwetu Afrika Mashariki, miaka hiyo yote, sanaa ya vibonzo iliishi kwa wino. Wasomaji wa gazeti la Taifa Leo walimjua Juha Kalulu wa Edward Gitau. Wasomaji wa gazeti la Uhuru walimngoja Chakubanga wa Christian Gregory. Na katika miaka ya 1980 jarida la Sani la Dar es Salaam likawaleta Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Madenge, watu ambao majina yao yaliingia katika mazungumzo ya mitaani hata yakatumiwa na watu ambao hawakupata kulishika jarida lenyewe. Philip Ndunguru, mmoja wa mafundi hodari wa Sani, alifariki mwaka 1986 angali kijana. Wengine waliendelea: Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alihamia Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation, na Masoud Kipanya akamfanya mnyama mdogo awe msema kweli wa nchi nzima, kwa jina ambalo, kwa bahati, ndilo jina la kile chombo alichokisukuma Saenz.

Tazama nyuso za watu hao wa vibonzo nawe utaona kwamba hakuna aliyehitaji kusoma maneno ili amjue Lofa. Mabega yalimtaja, nyusi zikamshuhudia, na kiputo cha maneno kilikuja tu kuthibitisha. Kanuni ya Geneva ilikuwa ikitumika Kariakoo bila kuagizwa kwa meli, kwa sababu anayechora watu kila wiki huifikia mwenyewe. Tofauti ilikuwa katika gharama. Mchoraji wa wino alipokosea aliifunika ghalati kwa rangi nyeupe, au alibandika kipande cha karatasi na kuchora juu yake. Na ukiipata sahifa ya asili ya kazi ya namna hiyo ukaiinua mbele ya dirisha, utaziona nyusi za kwanza chini ya zile za pili, na utajua kwamba Lofa alitaka kukasirika kabla mchoraji wake hajamwamuru acheke. Hayo ni maarifa ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuyatoa. Kalamu isiyo na wino aghalabu haiyatoi pia: orodha ile ya matendo hufutika mchoro ufungwapo, na picha inayobaki ni safi, haina hata kovu moja la kumwonyesha mwanagenzi jinsi ilivyokuja. Huo ndio upungufu wake mkubwa, na sijasikia ukitajwa na wauzaji wa vibao.

Kwa hiyo nawaomba warithi wa wachoraji wetu wa wino, wanaoziona sahifa zile zenye madoa meupe na viraka kuwa takataka, wasizitupe. Nawe msomaji, ikiwa sandukuni mwako au darini kwa marehemu babu zimo Sani au Uhuru za miaka ile, usimpe muuza karanga azifungie bidhaa yake. Zipige picha sahifa kwa sahifa, kisha karatasi zenyewe uzipeleke maktaba iliyo karibu nawe, wala usikubali wakuambie kwamba picha zatosha.